Chupa Zilizofungwa Nyuzi

Mwende mwanangu,

Sianzi na salamu kwa kuwa bado hatujaachana. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa Mama Njeri, unasukwa nywele, na kila baada ya dakika chache nakusikia ukilia "ai!" na yeye akikujibu kwamba uzuri haubembelezwi. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufuli la sanduku, wala za kusali kabla ya kulala. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia kabla yangu.

Naandika kwa sababu kesho saa nne asubuhi, wakati basi lako litakuwa limeshapita Athi River, Mzee Gathogo ataitwa mbele ya kikao kazini kwetu ili afukuzwe kwa kosa ambalo hakulitenda. Nililitenda mimi.

Sentensi hiyo fupi nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine, na mara zote tatu nimeitia jikoni ikaungua. Hii ni ya nne. Unaujua mwandiko wangu, wewe uliyefundishwa nao kuandika.

Wewe unamjua Mzee Gathogo kwa mizaha yake na kwa ile tabia yake ya kukuita "mama mkwe". Kazini yeye ndiye mtumishi wa maabara. Anaosha vyombo vya kioo, na anachota maji ya mitaro na kuyaleta kwa baiskeli. Mimi ni karani. Napiga taipu, natunza faili, na naandika kwenye daftari yale yanayohesabiwa. Juu yetu yuko Daktari, ambaye hatibu watu. Yeye amesomea bakteria, viumbe wadogo kiasi kwamba tone moja la maji huwa na maelfu yao wakiogelea bila kugusana.

Ulikuwa na miaka tisa siku uliponivuta mkono pale darajani tukitoka kanisani Ziwani. Povu lilikuwa limejaa mtoni, jeupe, limepanda mpaka kwenye magugu ya ukingoni, na watoto wanalirusha kama pamba. Ukasema kwa sauti, "Mathe, nani amefulia mto?" Nilikukemea kwa kuniita mathe mbele ya wazee wa kanisa, na swali lenyewe sikulijibu. Leo nitalijibu, maana kosa langu limo ndani ya jibu hilo.

Sabuni ya kipande ikifika mtoni huoza kama mafuta yoyote. Sabuni ya unga ni kitu kingine. Kila chembe yake ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji, mkia hupenda mafuta. Ukifua shati, mikia huzama kwenye uchafu na vichwa huvuta kwenda majini, na uchafu unang'oka. Lakini shati likishaanikwa, chembe zile hazijafa. Zinateremka na maji mpaka mtaroni, kutoka mtaroni mpaka mtoni, na popote maji yanapoporomoka na kupata hewa zinatoa povu upya. Hapo awali mikia hiyo ilitengenezwa ikiwa na matawi matawi, kama kijiti cha mchongoma, na hapakuwa na kiumbe aliyeweza kuitafuna. Siku hizi viwanda vinaanza kutengeneza mikia iliyonyooka. Mkia ulionyooka una ncha, na kitu chenye ncha mlaji anajua aanzie wapi.

Walaji ndio hao bakteria. Wako wanaojua kukata kichwa cha chembe ya sabuni, na kichwa kikishakatwa povu linakwisha, kwa sababu mkia peke yake ni mafuta tu. Kisha wanaula ule mkia kuanzia nchani, kipande kwa kipande, mpaka kisibaki kitu ila maji na pumzi. Daktari alitaka kuwapata walaji wa namna hiyo, awazoeze, siku moja awatie kwenye mabwawa ya maji machafu kabla maji hayajafika mtoni. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka miwili. Ndiyo kazi niliyoiua kwa dakika ishirini.

Mwanzoni alichota maji kila mahali penye povu jingi, na kila alichokileta kilikufa. Mzee Gathogo ndiye aliyemwambia. Nilikuwapo, nikipiga taipu, nikakosa herufi kwa kucheka.

"Daktari, wewe unatafuta povu liliko. Mimi ningetafuta linapoishia."

"Kwa nini?"

"Ukiona mahali mahindi yameisha, si ndipo panya alipo?"

Akapanda baiskeli yake akaufuata mtaro wa madobi ulioko nyuma ya Industrial Area, hatua kwa hatua, mpaka akapata mahali ambapo povu hupungua ghafla bila sababu, chini ya bomba lililopasuka, kwenye tope jeusi. Akachota hapo. Hao hawakufa.

Tangu siku hiyo akawa anawafuga. Sina neno jingine. Aliwaweka kwenye chupa sita zenye mdomo mpana, akizifunika kwa kitambaa ili wapate hewa, na kila asubuhi aliwatilia matone ya sabuni. Huwezi kuwapa nyingi siku ya kwanza, kwa kuwa sabuni ikizidi huwayeyusha ngozi wao wenyewe. Unawapa kidogo, wakizoea unahamisha kijiko kimoja kwenye chupa ya pili yenye sabuni zaidi, wakizoea hapo unawahamisha tena. Chupa ya sita ilikuwa na sabuni ambayo ingewaua ndugu zao wa mtaroni mara moja, na wao waliinywa.

Mzee Gathogo hajui kusoma. Kwa hiyo alifunga nyuzi shingoni mwa chupa. Nyeupe kwa sabuni kidogo, ya manjano kwa ya katikati, nyekundu kwa kali. Kila walipozoea alipiga fundo. Haya ya chupa na nyuzi nimeyaelewa baada ya kosa langu; yashike, mwanangu.

Kazi yangu mimi ilikuwa daftari. Daktari alitaka kujua kama bakteria hawa huifuata sabuni au huikuta tu kwa bahati. Basi anachukua kijibomba cha kioo, chembamba kama bua la nyasi, anakijaza maji yenye sabuni kidogo, anakilaza ncha yake ndani ya tone lenye bakteria. Anangoja saa nzima. Baadaye anakitoa na kuhesabu walioingia. Pembeni yake huweka kijibomba kingine chenye maji matupu. Wa kwenye maji matupu wanakuwa wachache, wamepotea njia tu. Wa kwenye sabuni wanakuwa wengi mara nyingi zaidi. Naandika, napiga mstari, naandika tena.

Siku moja Daktari alituruhusu tuchungulie kwenye darubini yake. Mzee Gathogo alitangulia. Aliinama muda mrefu.

"Karani," akasema, "hawa wanaenda harusini."

"Unajuaje si mazishini?"

"Mazishini watu hawakimbii hivi. Mazishini wanakimbia wakati wa kula tu."

Nilipochungulia mimi niliona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Hawaendi moja kwa moja. Kila mmoja anaogelea kidogo kwenda mbele, kisha anasimama na kujipindua ovyo kama mlevi, halafu anaondoka tena upande wowote utakaokuwa. Nilimuuliza Daktari wanawezaje kufika kwa mwendo wa namna hiyo. Akaniambia kwamba hawana macho, wala hawajui sabuni iko wapi. Wanachoweza ni kulinganisha maji ya sasa na maji ya punde iliyopita. Yakiwa mazuri zaidi, wanachelewa kujipindua. Yakiwa mabaya, wanajipindua mapema na kujaribu upande mwingine. Basi. Kwa kujua hilo moja wanafika.

Mwende, mimi nimeishi miaka thelathini na moja nikiogopa kwa sababu sioni mbele. Kabla ya kuvuka barabara, kabla ya kubisha mlango wa mkubwa, kabla ya kukujibu swali, nataka kwanza nione mwisho wa jambo. Kwa hiyo mara nyingi sifanyi kitu. Nasimama. Watu wanasema mama Mwende ni mtaratibu. Si utaratibu.

Sasa nikwambie Ijumaa ile, wiki tatu zilizopita.

Tuliambiwa Jumatatu kutakuja mgeni mkubwa. Daktari alikuwa safarini, Mzee Gathogo alikuwa ameshaondoka kwa baiskeli yake, na mimi nilibaki kupanga faili. Nilitaka mgeni aone chumba cha watu waliosoma. Nilipanga vitabu kwa urefu. Nilinoa penseli zote. Kisha nikaziona zile chupa kwenye rafu ya dirisha. Kwa kweli nilikuwa nikiziona kila siku, lakini siku hiyo nilizitazama kwa macho ya mgeni. Maji ya rangi ya chai iliyolala, utando juu, harufu ya choo na ya nguo zilizovundikwa. Kwenye kabati la joto kulikuwa na chupa nyingine ndogo, safi, zenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, jina na tarehe. Mimi nilidhani hizo ndizo kazi, kumbe zilitiwa walaji wachache wa kuhesabu tu, waliochotwa kwenye chupa za dirishani, na hawakudumu. Hizi za dirishani hazikuwa na karatasi. Nilizigeuza moja moja kutafuta maandishi. Hakukuwa na hata herufi. Kulikuwa na vipande vya uzi tu.

Nikasema moyoni, kitu kisichoandikwa si kazi, ni takataka za mzee.

Nilizimwaga kwenye sinki. Nilizisugua. Nikazisuuza kwa dawa ya klorini, mara mbili, kwa kuwa mimi hufanya mambo kikamilifu. Zile nyuzi zilikuwa zimekaza kwa mafundo, nikazikata kwa mkasi na kuzitia pipani. Nikafuta rafu. Nikazipanga chupa zikiwa zimeinamishwa, zinang'aa, na nikaenda nyumbani nikiwa na furaha. Siku hiyo nilikununulia mandazi, unakumbuka? Ukaniuliza leo kuna nini.

Elimu yangu ndiyo iliyofanya kosa hilo. Mtu asiyejua kusoma angejiuliza ni nani amefunga uzi huu na kwa nini. Mimi nilitafuta karatasi tu. Miaka miwili mtu alikuwa akiandika mbele ya macho yangu, kwa rangi na kwa mafundo, nami sikuona maandishi kwa sababu sikuwa nimefundishwa hayo shuleni. Unaenda shule nzuri, mwanangu, bora kuliko niliyosoma mimi. Watakufundisha kusoma vitu vingi. Sijui nikwambieje jambo hili bila kukuhubiria. Ukikuta fundo, usikimbilie mkasi.

Jumatatu Mzee Gathogo alifika kabla yetu. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya rafu, kofia mkononi.

"Karani, watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani, Mzee?"

"Wenye nyuzi."

Hapo ndipo nilipojua. Si baadaye, hapo hapo. Nikakaa kwenye kiti nikiwa na mkoba bado begani. Daktari akaingia, akatazama chupa, akanusa moja. Klorini haifichiki.

"Gathogo, umeosha?"

"Mimi? Daktari, naosha ninavyopewa tu, hata sufuria ya nyumbani naoshewa."

Wale wa chumba cha pili walicheka. Daktari hakucheka. Sijawahi kumwona mtu akiwa mweupe midomo namna ile.

"Nani mwingine anashika chupa hizi?"

Kwa siku za kawaida hapakuwa na mwingine aliyezishika. Nilikuwa na penseli mkononi. Nikaanza kuichonga. Ilikuwa imeshachongwa, nilikuwa nimeichonga mwenyewe Ijumaa, na nikaichonga mpaka ikakatika.

Mgeni alikuja na kuondoka. Mzee Gathogo akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao kimwite.

Sasa nisikilize kwa makini. Barua ya shule yako ilikuwa imefika Jumatano ya wiki iliyotangulia. Wiki hizi tatu nimejiambia hivi: nikisema, nitaachishwa kazi. Nyumba hii ni ya kazi. Mwende hatakwenda Form One, na mtoto wa mwanamke asiye na mume akikosa shule, dunia itamla. Nimenyamaza kwa ajili ya Mwende. Ni uongo wenye nguvu, maana kila kipande chake ni kweli. Lakini nimekaa nikaipanga ile Jumatatu dakika kwa dakika, jinsi ninavyopanga faili, na nimeona kwamba penseli niliichonga kwanza. Wewe sikukukumbuka mpaka jioni, nikikata sukuma wiki. Woga ulitangulia. Wewe nilikuja kukuchukua baadaye nikakusimamisha mbele yake kama pazia.

Siku yoyote mtu akikwambia ametenda ubaya kwa ajili yako, muulize alikukumbuka saa ngapi. Muulize hata kama mtu huyo ni mimi.

Wala si mara ya kwanza. Nilipokuwa na mimba yako nilimaliza mitihani ya Form Four nikiwa nimevaa sweta kwenye jua. Miezi mitano nilimwangalia mama yangu machoni nikisema tumbo linaniuma kwa sababu ya maharagwe. Mwishowe alinikuta naoga. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alisema tu kwa Kikamba, "Ulikuwa unangoja nani aje aniambie?" Kisha akaondoka kwenda kuteka maji. Nyanya yako na mimi hatujakosana, lakini tangu siku hiyo kila nikimwambia jambo, hata la kweli, hunitazama kidogo kwanza. Ningestahimili kofi. Kule kutazamwa ndiko nisikokuzoea mpaka leo. Na sitaki siku moja unitazame hivyo kwa jambo ulilolisikia kwa mtu mwingine.

Na jana, Jumamosi, yalinipata yale ambayo ulikuwapo ukayaona, ila hukujua unachokiona.

Unajua watu wa mtaa huu huja kwangu kuandikiwa barua. Ya kwenda nyumbani, ya kuomba kazi, hata ile ya kijana wa nyumba ya mwisho aliyetaka kumposa mwalimu. Kwa hiyo Mzee Gathogo alipobisha hodi hukushangaa. Ulimwekea chai. Akakuambia, "Mama mkwe, naona unaenda kusoma ili unikimbie," nawe ukamjibu kwamba unaenda kutafuta anayejua kupanda baiskeli bila kuanguka, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia.

"Karani, nimekuja uniandikie ya kikao. Wewe unajua Kizungu chao."

Mwende, nilichukua kalamu. Mkono huu huu ulichukua kalamu.

"Andika kwamba sikuosha."

Nikaandika.

"Andika kwamba mimi si mtu wa kugusa kitu bila kuuliza kina mwenyewe."

Nikaandika. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake na birika, ukasema, "Usijali Mzee, mathe ataiandika vizuri sana." Niliandika vizuri sana. Sikukosea hata nukta.

Kisha akazungusha kikombe.

"Andika na hili. Aliyeosha hakuwa na ubaya. Mtu mbaya angemwaga, akaenda zake. Huyu aliosha mara mbili, akafuta na rafu. Alidhani anasaidia."

"Hilo litakusaidia nini wewe, Mzee?"

"Halinisaidii. Ni kweli tu."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza chini ya maneno yangu, akapuliza likauke. Sijui kama anajua. Usiku kucha nimekesha nikijiuliza kama alikuja kuandikiwa barua au alikuja kunipa nafasi. Sijui, wala sitaki kuamini kwamba anajua, maana nikiamini hivyo nitakuwa nasema kwa sababu nimekamatwa.

Barua hiyo iko kwenye mkoba wangu. Na ndani ya mkoba huo huo kuna karatasi nyingine, ambayo niliagizwa niipige taipu tangu Ijumaa ili ingoje sahihi tu. Ni ya kumwachisha kazi. Zimekaa pamoja, zote mbili ni za mkono wangu, moja inasema hakuosha na nyingine inasema ameosha. Kesho mimi ndiye karani wa kikao. Nitakaa mwisho wa meza niandike watakayoyasema.

Nikikaa kimya, nitaandika mpaka mwisho, nitafunga daftari, na Mzee Gathogo atachukua kofia yake. Naye ndiye mtu pekee anayejua pale chini ya bomba lililopasuka. Wiki hizi Daktari ametuma vijana wawili na chupa. Wamefuata mtaro, wamerudi na maji ambayo ndani yake hakuna kitu. Mtaro una mabomba mengi na tope lote ni jeusi. Ukimfukuza anayejua povu linapoishia, umekifukuza hata kile ambacho bado kingeweza kupatikana. Kwa hiyo siwezi kujidanganya kwamba yaliyopita yamepita. Hayajapita. Kesho saa nne nitayatenda mara ya pili, safari hii nikiwa najua.

Nikisema, sijui. Huenda wakaniachisha siku hiyo hiyo. Huenda wakatuachisha wote wawili, yeye kwa kutobandika karatasi kwenye chupa na mimi kwa kuosha. Huenda Daktari akanitazama tu, na hilo nalo naliogopa. Muhula wako wa kwanza uko salama, hilo nimelihakikisha. Wa pili siujui. Huenda Aprili ukarudi ukanikuta kwa nyanya yako, nikilima vibaya. Huenda ukarudi usipate shule ya kurudi. Nakuandikia haya bila kuyapaka sukari kwa kuwa ni yako pia, na sikukuomba ruhusa. Nimelia mchana huu nikipiga pasi sketi yako, nikaipiga pasi tena pale machozi yalipodondoka. Kama kuna njia ya kumwokoa yule mzee bila kukugusa wewe, nimeitafuta kwa wiki tatu na sikuiona. Naomba unisamehe kwa kuitafuta muda mrefu hivyo.

Sioni mwisho wake. Ninachojua ni kwamba maji niliyomo sasa ni mabaya kuliko ya punde iliyopita, na yanazidi. Hilo tu. Sina jicho jingine.

Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, na karibu nisiliandike. Nilipoanza barua hii nilikusudia kuitia katikati ya nguo zako, chini kabisa, uikute bwenini kesho jioni. Nilijiambia ni kwa sababu sitaki ulie njiani. Sasa hivi nikiikunja nimejigundua. Kesho ungeamka saa kumi na moja, ungeenda kuoga, na sanduku lingebaki na mimi dakika kumi. Ningeweza kuitoa. Nilikuwa nimejiachia mlango, Mwende, hata ndani ya barua ya kukiri kosa. Hivyo ndivyo woga ulivyo na akili. Usimwamini mama yako anapokuwa mtaratibu.

Basi siitii sandukuni. Navaa viatu nakuja kukuita sasa hivi, nywele zikiwa nusu zimesukwa nusu zimesimama, na Mama Njeri anune akitaka kununa. Utaketi hapa kitandani uisome mbele yangu kuanzia juu mpaka hapa. Ukimaliza usiseme neno kwanza. Vaa viatu vyako twende wote wawili kwa Mzee Gathogo, Kariokor si mbali, tufike kabla hajaenda kwenye ibada ya jioni. Nitamwambia kwa mdomo wangu, nawe ukisikia. Baada ya watu wawili kujua, kesho kikao kitakuwa cha tatu tu kujua, na sitaweza tena kuchonga penseli.

Nikisimama mlangoni kwake nikashindwa kuanza, anza wewe. Sema, "Mzee, mama ana neno."

Mamako anayekupenda na anayeogopa, na anayekuja,

Mama